Mtaa unaoishi ndo unakuamulia unavyoiona kodi ya serikali (stori ya Texas, na ile buku ya LUKU)

Niaje wadau, na wakubwa zangu mnaoingiaga humu kimyakimya bila komenti, shikamooni. Leo niko ndani ya gari hapa San Antonio, Texas, nasubiri muda wa kuingia shift, kwa hiyo mkisikia AC inaunguruma nivumilieni, huku nje jua halina adabu.

Mnajua nafanya kazi ya kuangalia wazee majumbani. Kazi yenyewe inachosha mgongo ila unaingia ndani kwa watu, unaona friji, unaona bili zimelala mezani, unasikia wanavyoongea wakiwa hawajajipanga. Asubuhi niko Alamo Heights, ushuani huko, miti mikubwa imefunika barabara mpaka huoni anga. Jioni naenda upande wa magharibi, kule Edgewood, nyumba ndogo za mbao, uzio wa wavu, mbwa wanakubwekea kutoka kona ya mtaa mpaka mlangoni. Na sio mbali kihivyo.

Sasa mzee wangu wa Alamo Heights, nyumba yake inavuka dola milioni moja, ananiambia kabisa "sisi hapa watu wa kawaida, mwenye hela ni yule wa pale kona, ana nyumba nyingine Colorado ya kwenda kucheza kwenye theluji." Na hadanganyi jamani! Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, kwa anachokiona yeye ndo wa katikati. Jioni nafika kwa bibi wa Edgewood, namuogesha, tunapiga stori, naye ananiambia "sisi tuko kawaida, mungu anasaidia, masikini ni wale wanaolala kwenye magari kule relini." Yani wote wawili wako katikati! Halafu waguse kwenye kodi uone, mzee anasema serikali inamuibia, bibi hasemi hivyo ila haamini kama kuna mtu mjini humu ana hela kiasi hicho za kuibiwa.

Kwa nini nawapa hii stori, kwa sababu tofauti ya hii mitaa miwili iliwahi kufika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, sio utani. Huku shule za serikali zinakula sehemu kubwa ya hela yake kutoka kodi ya nyumba na majengo ya eneo husika, na kila eneo lina wilaya yake ya shule. Mwaka 1968 wazazi wa Edgewood wakaenda mahakamani, jina lililobeba kesi ni Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati kwenye kambi ya jeshi la anga. Hesabu zao sasa. Edgewood walijikata dola 1.05 kwa kila dola 100 ya thamani ya mali, Alamo Heights senti 85 tu. Yani masikini ndo walijikamua zaidi. Lakini kwa mwaka wa masomo 1967-68 kodi hiyo iliwapa Edgewood dola 26 kwa kila mwanafunzi, Alamo Heights dola 333. Mahakama ikaamua 1973, majaji watano kwa wanne, Edgewood wakashindwa.

Wakaja tena kupitia mahakama ya jimbo, 1989 wakashinda, na 1993 ikatoka sheria ya wilaya zenye mali nyingi kutoa sehemu ya kodi kwa ajili ya wengine. Watu wanaiita Robin Hood, yule wa hadithi aliyekuwa anawaibia matajiri anawapa masikini. Mzee wangu ukiitaja hiyo chai inamwagika.

Ila msimuone mbaya peke yake. Houston, 2016, wilaya yao ikahesabiwa tajiri kwa sababu ya yale maghorofa, wakati watoto wengi darasani wanatoka familia za kipato cha chini, wakaambiwa walipe na wao. Wakapiga kura wakakataa! Mei 2017 wakarudia wakakubali, maana ukigoma majengo yako makubwa ya biashara yanaweza kuhesabiwa upande wa wilaya nyingine, sasa hapo unabishana na nani.

Kuna mtu atasema basi tuchanganye mitaa, matajiri na masikini waonane, roho zitalainika. Mi nilikuwa upande huo ila tafiti zinanitia wasiwasi. Afrika Kusini watafiti walipaki gari la kifahari kwenye mitaa ya kipato cha chini, wapita njia wakaombwa kusaini karatasi ya kuongeza kodi kwa matajiri, na gari likiwepo watu walikuwa tayari zaidi kusaini, ilitoka 2020. Safi. Ila mmoja wa watafiti haohao alifanya kinyume chake huku Marekani, upande wa Boston, akamsimamisha mtu anayeonekana fukara kwenye maeneo ya wenye nazo, na waliosaini kuunga mkono kodi ya mamilionea wakapungua! Ndo maana mi siamini kama wenye nazo wa Masaki huko Dar wanaona huruma kwa vile watu wa hali ya chini wa Msasani wako pale jirani.

Na nyie huko msinicheke. Kodi ya majengo mmewekewa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, toka 2021, ilianza buku moja (shilingi elfu) kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba ya chini ya Masaki na ya Manzese zote zilikatwa sawa, haiangalii thamani. Huku wangeandamana. Halafu mpangaji ndo anayenunua umeme, mwenye nyumba kakaa zake Goba. Sasa niambieni kwenye komenti, wewe uliyepanga, hela hiyo unakatwa kwenye kodi ya chumba au imekufa hivyohivyo? Na muandike na mtaa mnaokaa, nataka nione majibu ya Mbezi Beach na ya Tandale yanafanana vipi. Haya, bibi kashapiga simu, naingia.