Mchele wa Kyela kwa Nusu Uniti

(Mazungumzo ya fundi wa umeme wa magari mbele ya wenye magari, mafundi na wenye gesti, Mbeya)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja na baridi hii. Mbeya ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili jioni, mtu mwenye akili zake anakuwa nyumbani pembeni ya jiko la mkaa.

Tangu niegeshe gari langu la umeme pale nje nimeulizwa swali moja mara tatu: "Fundi, likiisha chaji njiani unafanyaje?" Nitalijibu, kwa sababu limewahi kuisha. Lakini kwanza tuelewane lugha. Betri ya gari langu ilipotoka kiwandani Japani ilibeba uniti 40. Uniti hizo ni zilezile za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zile unazotumiwa kwa tarakimu ishirini. Hakuna uniti ya gari na uniti ya pasi. Gari limetumika, betri imechoka kidogo, leo napata kama uniti 33 za kutembelea. Barabara ikiwa tambarare nami nikiwa mpole, kilomita 100 zinakula uniti 15 au 16. Elfu moja ya LUKU inanunua uniti 2.8, basi pigeni wenyewe: kilomita 100 kwa shilingi elfu tano na mia saba hivi. Mwenye IST ya petroli hapo nyuma anajua anachoacha pale sheli kwa mwendo huohuo. Simwambii kitu.

Sasa, karatasi. Ukiagiza gari la umeme Japani utasoma umbali ambao haupo duniani. Nissan Leaf ya uniti 40 ilipotoka mwaka 2017, kipimo cha Wajapani cha wakati ule kilisema kilomita 400. Gari hilohilo, kipimo cha Marekani kilisema 243. Hakuna aliyesema uongo, kila mmoja alipima kwa mwendo wake, na Wajapani walipima mwendo wa mjini wa kusimama na kuondoka. Mimi nawashauri mchukue kile kidogo, halafu mtoe tena sehemu ya uchovu wa betri. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijiti 12 vya afya ya betri. Kikikosekana kimoja tu, ujue asilimia kama 15 imeshaondoka. Muuzaji akikupigia picha ya gari pande zote nne asikupigie vijiti hivyo, mwombe. Akizunguka maneno, funga mazungumzo.

Na mwendo ndio kila kitu. Upepo unaopigana na gari haukui kwa hesabu ya kujumlisha: ukitoka 80 kwenda 100, mapigano yanapanda zaidi ya nusu. Zile alama za 50 kila kijiji kuanzia Uyole mpaka Igawa, ambazo sote tunazilaani, na trafiki na tochi zao vichakani, ndio rafiki wa betri. Nimefika Makambako na chaji ambayo sikustahili kwa sababu tu ya kuogopa faini. (Kicheko.)

Ya Kyela sasa.

Mwaka jana nilikwenda msibani Kyela. Niliondoka hapa nimejaza mia kwa mia. Mnaijua njia. Uyole, unapanda mpaka unavuka mita 2,000, halafu unashuka, unashuka, KK pale Kiwira, Tukuyu, unashuka tena mpaka masikio yanaziba, unatokea kwenye joto na minazi, mita kama 500 tu juu ya bahari. Gari la umeme likishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Si wote, chukulia theluthi mbili. Nikafika Kyela na asilimia 55. Dashibodi ikaniandikia: kilomita 150 zimebaki. Kurudi Mbeya hazifiki 130. Nikalala usingizi mzuri, sikuchaji.

Wenzangu, makisio yale hayajui kesho. Yanaangalia ulikotoka. Gari lilikuwa limetoka kuteremka saa mbili nzima, likadhani dunia yote ni mteremko. Siwezi kulilaumu, mimi ndiye niliyezaliwa huku na ninajua Tukuyu iko juu.

Asubuhi tukapakia magunia mawili ya mchele, abiria wawili na mimi. Tukaanza kupanda. Kwa kila kilomita moja ya lami, dashibodi ilikuwa inapunguza tatu. Abiria wangu mmoja, shangazi, alikuwa anasoma namba kwa sauti, kama konda anayetaja vituo. Kabla ya Tukuyu namba zikafutika kabisa, vikabaki vistari vitatu. Nikaingia mjini na asilimia sita, jasho linanitoka, na Tukuyu hakuna joto.

Hesabu yenyewe niliifanya usiku ule, na ningeifanya kabla nisingewapa hadithi hii. Gari na watu na mzigo ni tani mbili. Kuinua tani mbili mita 1,600 kwenda juu kunataka uniti karibu 9, ukiongeza upotevu sema 10. Hizo ni juu ya zile za kutembea. Ndiyo sababu kushuka nilitumia uniti 15 na kurudi njia ileile kunataka 27. Mlima unaulipa kwa urefu wake kwenda juu, haijalishi kona ni nyingi au chache. Kitonga vilevile: kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka Ilula weka uniti tano kando, usizihesabu kwenye kilomita.

Lakini tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo. Gunia la kilo 100 kulitoa Kyela na kulivusha mlima ule linataka kama nusu uniti ya ziada. Haifiki shilingi 200. Nilimwambia shangazi, akasema basi tungeleta matatu.

Na kujaza mia kwa mia kabla ya mteremko ni kosa: betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa mteremko. Mota inakataa kusaidia, unabaki na breki za kawaida tu kilomita zile za mwanzo. Ukiwa unaanzia juu, kwa mfano Ilula kwenda Kitonga, ondoka na asilimia 85 au 90. Na usiweke nyutro kwenye mteremko kwa kudhani unabana matumizi. Unatupa umeme na unatafuta ajali.

Sasa Tukuyu. Niliingia gesti ya kwanza yenye geti. Mama mwenyewe akatoka, nikamsalimia, nikamwomba soketi. Akaliangalia gari, akaangalia waya, akasema, "Mwanangu, hili litamaliza umeme wangu wote, na wageni wangu wataoga nini?" Nikamuuliza, hita zako za bafuni ni zile za papo hapo? Ndiyo, sita. Mama, hita moja ikiwashwa inavuta kilowati tatu na nusu mpaka tano. Gari langu likichomekwa kwenye soketi ya kawaida linavuta mbili na nukta tatu. Mgeni mmoja anayeoga maji ya moto anavuta kuliko gari langu, tofauti ni kwamba yeye anaoga dakika kumi na mimi nachomeka usiku kucha. Akacheka, lakini bado hajakubali. Nikamwomba namba ya mita yake. Nikatoa simu, nikanunua umeme wa elfu saba kwa namba ile palepale, zikaja uniti 19 na pointi. (Kodi ya jengo ilikuwa imeshakatwa mwezi ule, bahati yangu.) Nikamsomea tokeni, akaibonyeza mwenyewe, akaona mita inapanda. Akaniletea ekstensheni. Nikaikataa, nitasema kwa nini.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limenileta mbele yenu leo. Tunasubiri vituo vya chaji kana kwamba ni minara ya simu, mtu mkubwa aje aisimamishe. Mimi sijakuta chaja ya haraka ya umma kati ya hapa na Iringa, na nimetafuta. Lakini gesti zipo kila mji, geti lipo, mlinzi yupo, chai ya asubuhi ipo, na njia ya kulipana ipo kwenye simu ya kila mmoja wetu. Nimeona watu wanachora programu za simu za kulipia chaji. LUKU inafanya kazi hiyo leo usiku.

Ina matatizo yake, nisiwadanganye. Makambako nililala gesti moja, nikamwamini mwenyewe aliponiambia umeme upo mwingi. Saa tisa usiku uniti zikaisha. Nimeamka, gari lina asilimia 41, na mwenye mita amesafiri. Tangu siku hiyo nanunua kwanza, ndipo nachomeka.

La pili, msichaji kwa bibi. Nasema kweli. Bibi yako kijijini yuko kwenye ile bei ya uniti 75 kwa mwezi, shilingi mia kabla ya kodi. Ukimchomekea gari usiku mmoja umekula uniti 20. Mara nne kwa mwezi umempitisha 75, na kila ya ziada anatozwa 350. Umemwachia bibi deni la safari yako.

La tatu ni ethi, waya wa ardhi. Nyaya za kuchajia magari haya zina kaboksi kanachopima. Kakikosa ardhi kanawasha taa nyekundu na kukataa. Wengi wanakuja kwangu wanasema chaja mbovu. Chaja ni nzima, nyumba ndiyo haina fimbo ya ardhini, au fimbo ipo na waya ulishakatwa na jembe. Mafundi mliopo, msikubali kamwe ombi la kuruka kipimo hicho. Mvua za huku mnazijua, na bodi la gari ni chuma.

Na ekstensheni: ile ya kuchajia simu ukiivutisha ampea kumi kwa saa nane, inayeyuka. Nimeiona imeshikamana na zulia. Soketi ya pasi yenyewe imetengenezwa kwa kazi ya dakika ishirini, ndiyo maana mimi nakwenda na kiganja, baada ya nusu saa nagusa plagi. Ikiwa ya moto, napunguza ampea mpaka 8. Mwenye gesti anayetaka wageni wa namna yangu, afanye kazi moja tu: atoe waya wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya umeme, sakiti breka yake yenyewe, soketi ya ampea 32 nje chini ya paa, na mita ndogo ya kusomea. Hapo gari linaloweza kupokea linavuta kilowati 7, na la usiku kucha linakuwa la saa tano. Magari mengi ya Japani yanapokea 3 au 6 tu, kwa hiyo msinilaumu yakienda polepole.

Mtu ataniuliza umeme wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Huku kwetu kuna Kihansi, 180. Mimi napenda zaidi hii: mvua inayotunyeshea Uporoto inateremka Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inapita Mtera, inapita Kidatu, inarudi kwenye waya. Wakati huohuo, bomba la TAZAMA linapitisha mafuta chini ya ardhi yetu kwenda Zambia tangu 1968, na sisi bei kikomo ya petroli yetu iko juu ya ya Dar es Salaam kwa sababu inatufikia kwa lori. Ethiopia mwaka 2024 walizuia kabisa kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sisemi tufanye hivyo, nasema wameyaangalia maji yao.

Safari ndefu, kwa ukweli. Mbeya mpaka Iringa ni kilomita kama 330, Makambako iko karibu katikati. Kwa betri kama yangu ni siku mbili: unafika Makambako alasiri, unalala, unaondoka asubuhi. Basi linafika siku hiyohiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa kwenda Dar kila wiki, usinunue gari kama langu, utanichukia. Lakini mtu wa Mbeya na Tunduma, Mbeya na Tukuyu, Mbalizi kila siku, sioni sababu ya kukukatisha tamaa. Baridi yetu hata inasaidia, betri inachakaa haraka kwenye joto. Ila asubuhi ukiwasha hita ya ndani unakula kilomita. Mimi nina blanketi la Kimasai.

Na ukiagiza, angalia mdomo wa gari, yaani tundu la chaja ya haraka. La Japani lina CHAdeMO, la China lina GB/T, la Ulaya CCS2. Chaja ya haraka ikija siku moja Makambako na mdomo wako si wake, utaiangalia kama mtoto anavyoangalia keki dirishani. Polepole ya soketi ndiyo haichagui sana.

Likikuishia kabisa, swali la mwanzo: usilivute kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, mota inazunguka na kuzalisha umeme usio na pa kwenda. Libebwe. Semi-trela tupu zinazorudi zipo tele barabara hii, mnaongea bei.

Langu liko nje limechomekwa kwenye soketi ya jiko la ukumbi huu. Mlinzi nimeshamwonyesha tokeni. Mama wa mbele, umenyoosha mkono kitambo, karibu. Ndiyo, nimegusa plagi. Ilikuwa ya vuguvugu.