Kulala familia nzima ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwa turubai moja: funga kwa upepo wa usiku

Habari za muda huu ndugu zangu, karibuni sana. Leo siko dukani. Niko ufukweni, kaskazini mwa Kigoma mjini, tumepita Kibirizi, tumeiacha Kalalangabo nyuma, na kama mnavyoona, huku ni milima, kule ni ziwa, basi. Umeme hakuna. Mtandao hakuna, simu yangu ni ya kurekodia tu. Safari yenyewe imezaliwa jana usiku mezani: watoto wameomba, baba yao amekubali kabla hajamaliza kutafuna, asubuhi tuko kwenye boti, na bibi yao pia. Kwa hiyo hii ni video ya mtu aliyeamua ghafla. Hema hatuna, na hatulihitaji.

Mimi nauza maturubai na kamba pale Mwanga, Kigoma mjini, wateja wangu mnanijua. Wengi mnanunua la kuanikia dagaa au la kufunika mchanga wa ujenzi. Leo nataka muone linavyolaza watu sita vizuri kabisa.

Mzigo wetu haraka haraka: turubai la futi 12 kwa 18, kamba, viroba vitupu 8, miti miwili ya kusimamisha, koleo, mikeka, mablanketi, vyandarua, sufuria mbili, mwiko, unga, dagaa, mawese, madumu mawili ya maji kutoka nyumbani, kiberiti kwenye chupa kavu, taa ya sola, dawa ndogondogo. Kwenye boti kila mtu avae jaketi okozi, bibi akiwemo. Na mje asubuhi. Mchana kwenye kiangazi ziwa hili linachafuka, tusidanganyane.

Kabla ya kushusha hata ndoo, baba watoto amepanda kule juu kumsalimia mwenyekiti wa kitongoji. Fanyeni hivyo. Si kwa kuogopa, ni heshima, halafu watu wa hapa ndio wanajua wapi mamba ameonekana wiki hii. Na jambo jingine: ukizidi kwenda kaskazini unaingia mpaka wa Gombe. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968, hulali ufukweni kule kwa sababu tu umependa mchanga. Pita utaratibu wa hifadhi. Nyani wa kule nao hawaombi chakula, wanachukua.

Haya, mahali. Njoo na kamera hapa, mwanangu. Chini, chini kidogo. Mnaona huu mstari wa matete makavu, vijiti na magamba ya konokono? Hapo ndipo wimbi kubwa liliposimama. Sisi tunapanda juu zaidi, hatua kama 15. Miaka ya karibuni ziwa limepanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu, kwa hiyo usiamini ufukwe unaoujua tangu utotoni. Na kule nyuma kuna korongo, mchanga wake laini, kivuli kizuri. Usilale humo. Mvua ikinyesha mlimani wewe huioni, unaona maji tu. Chini ya mchikichi pia hapana. Kishada cha chikichi kinaweza kufika kilo 10 na zaidi, na panya wanaofuata chikichi wanafuatwa na nyoka.

Sasa turubai. Hapa naomba mtulie, maana ndiyo sababu nimewasha kamera.

Upepo wa ziwa hili una zamu mbili. Mchana unatoka ziwani unakuja nchi kavu. Usiku unageuka: milima inapoa, hewa inateremka kutoka kule juu kwenda ziwani. Watu wanafika saa nane mchana, wanahisi upepo usoni, wanafunga kwa ule upepo, wanafurahi. Saa nne usiku upepo unawaingilia mgongoni. Ukikumbuka neno moja tu kwenye video hii likumbuke hili: funga kwa upepo wa usiku.

Tunaanza na viroba, si na turubai. Jaza kiroba mchanga nusu, funga mdomo, kisha zungushia kamba kiunoni mwa kiroba, hapa katikati. Chimba shimo la kina cha goti. Kilaze kiroba kikae mkingamo na mvuto wa kamba, namna hii, ubavu ndio unaovutwa. Fukia. Sasa mwagia maji ya ziwa ndoo nzima na ukanyage. Watoto hii kazi wanaipenda, waachieni warukeruke. Vigingi vya chuma ni vizuri kwenye udongo, ila kwenye mchanga vinang'oka kwa mkono wa mtoto. Jaribu: vuta kamba kwa uzito wako wote. Haiji? Endelea na kingine. Viwili vya miti, vinne vya kona, viwili vya katikati ya ubavu.

Miti inasimama urefu wa kifua changu, kamba ya mgongo inavutwa kati yake, turubai linalazwa juu yake kama paa. Mgongo wa turubai ulale sambamba na ufukwe, ili bawa moja litazame ziwa na jingine litazame milima. Mlango ni huku pembeni, kwenye ncha. Usifungue mlango upande wa milimani, tafadhali.

Kamba ya kona. Msifunge kwenye pete moja kwa moja kama turubai lina pete za plastiki, zinachomoka. Fanyeni hivi. Chukua kokoto laini, ukubwa wa yai la kanga, hili hapa nimeliokota sasa hivi. Liweke ndani ya kona ya turubai, likunje ndani kama... ngoja, jua linapiga kwenye kioo. Sogea huku. Haya: kokoto ndani, kona inafunika, kamba inapita shingoni mwa kokoto mara mbili, vuta, funga. Mnaona kilivyokuwa kichwa kidogo? Hicho hakichomoki. Turubai litachanika kwanza kabla fundo hili halijaachia, na turubai zuri halichaniki.

Upande wa pili, kwenye kamba inayotoka kwenye kiroba, tunapiga fundo linaloteleza tukitaka na kushika tukiacha. Zungusha ncha kwenye kamba kuu mara mbili kwa ndani ya kitanzi, halafu toka nje, zungusha mara moja kwa juu, kaza. Kamba hizi za plastiki za kijani ni telezi, kwa hiyo ndani zungusha mara tatu. Ukisukuma fundo kwa mkono linakwenda, ukivuta kamba linang'ang'ania. Kwa nini fundo hili? Kwa sababu jioni tutabadilisha.

Sikilizeni sasa. Mchana huu bawa la ziwani tumelishusha liguse mchanga, la milimani liko juu kidogo, hewa inapita. Jioni tunataka kinyume: la milimani chini kabisa, la ziwani liinuke tuone ziwa. Utaratibu ni mmoja. Unashusha la milimani KWANZA. Likishagusa mchanga, ukaweka mawe juu yake, ndipo unainua la ziwani. Kwanza la milimani. Usiinue la ziwani wakati la milimani bado liko juu. Rudieni nyumbani: kwanza la milimani.

Naenda kuwapikia hawa wangu chai kidogo, nitarudi jioni.

Tumerudi. Ni saa kumi na mbili na nusu, bado kweupe. Wageni wa Dar huwa wanashangaa, kwao saa hizi giza linaingia, sisi huku Kigoma, mwisho wa reli, jua linazama karibu saa moja, nyuma ya milima ya Kongo kule ng'ambo. Upepo umetulia. Huu utulivu ndio wakati wa kubadilisha mabawa, usisubiri upepo mpya uf... hapana! Hapana baba, acha hiyo kamba! La milimani kwanza!

Sawa. Mmeona wenyewe, na kamera imeona. Kijana ametaka kuona jua, akalegeza kamba ya ziwani. Upepo haukuwa hata mkali. Turubai limejaa mithili ya tanga, mti wa kushoto umelala, bibi amebaki na mkeka mkononi. Lakini tazameni viroba. Hakuna hata kimoja kilichotoka. Ndiyo maana tumevifukia. Kijana wangu hana kosa, kila mtoto anataka kuona jua. Simamisha mti, shika hapo, baba watoto vuta la milimani. Chini, chini, liguse. Mawe juu. Mengine. Weka na lile bapa. Sasa, polepole, inua la ziwani. Haya mwanangu, jua lako hilo.

Moto unafuata upepo ule ule. Mafiga yetu yako upande wa ziwa, hatua kama 10 mbele ya turubai, ili usiku cheche ziende majini, zisije kwenye turubai. Choo je? Tumechimba shimo pembeni, mbali, hatua 80 hivi, juu ya ufukwe, si nyuma yetu upande wa milimani, maana usiku kila harufu ya nyuma itateremka kwetu. Koleo linabaki pale, kila mtu anafukia.

Maji. Ziwa hili ni safi kwa macho, unaona kokoto zote chini, na wageni wanalisifu kwa hilo. Bado chemsha. Yaache yatokote sawasawa, ndipo unywe. Kuoga tunaoga hapa kwenye mawe na mchanga ulio wazi, si kule kwenye matete: konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na mamba naye anapenda kujificha humohumo. Kwenye mdomo wa mto msikaribie kabisa. Giza likiingia hakuna anayegusa maji, hata kunawa tunanawia kwenye ndoo.

Chakula nitakwenda mbio, kupika mnajua. Dagaa hawa nimechagua waliokaushwa kwenye chanja, si juu ya mchanga, kwa hiyo naosha mara moja tu kwa maji ya moto. Mawese kwenye sufuria, yapate moto ila yasitoe moshi, yakitoa moshi yanakuwa machungu. Kitunguu, nyanya, dagaa, chumvi, ndimu mwishoni. Ugali wa muhogo pembeni. Kuna watu wanaweka karoti kwenye dagaa wa mawese. Mimi siwezi, nisameheni.

Sasa ni usiku, nawasha taa ndogo mnione. Zile nuru zote kule ziwani ni wavuvi wa dagaa. Leo hakuna mwezi, ndiyo maana ni wengi. Dagaa usiku hupanda juu kufuata chakula chao, wakiona taa wanakusanyika chini yake, wavu unawapokea. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga unasambaa kila mahali, taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, upande wetu uvuvi ulisimamishwa ziwa lipumzike, na ufukwe huu ulikuwa giza tupu. Mwanangu ameniuliza kina chake. Nimemwambia pale penye kina kirefu ni karibu mita 1,470, lakini samaki wako tabaka la juu tu, huko chini hewa haipo. Sasa hataki kulala, anauliza nani alikwenda kupima.

Haya, sikieni. Kimya kidogo. Mnasikia turubai linavyopiga kwa nyuma? Upepo umegeuka. Unatoka milimani, kama nilivyosema. Shika hapa mkono wako, bawa la nyuma limekaa, halinyanyuki hata kidole. Ndani vyandarua vimefungwa kwenye kamba ya mgongo, vimechomekwa chini ya mikeka, bibi tayari anakoroma. Kabla ya kulala nakagua kamba zote, moja moja, kwa mkono si kwa macho. Umande ukishuka kamba nyingine zinalegea, sukuma fundo kidogo, basi.

Asubuhi njema. Hii sehemu ni fupi. Wavuvi wamepita, tumenunua migebuka, tumechoma, tumekula. Kufungua: sasa ni kinyume, bawa la ziwani linashuka kwanza, halafu la milimani linafunguliwa, maana upepo wa mchana unakuja. Fukua viroba, mwaga mchanga hapohapo, kung'uta, kunja, vinarudi nyumbani. Moto umwagie maji mpaka usisikie mlio, ufukie. Takataka zote kwenye mfuko, hata vipande vya kamba, vinanasa ndege na samaki. Boti inakuja mapema kabla ziwa halijaamka.

Kwa watakaouliza vipimo: watu sita, futi 12 kwa 18. Watu wanne, futi 12 kwa 12 linatosha. Chagua la uzi mzito, lenye pete za chuma, ulikunje dukani uone kama linapasuka rangi kwenye mkunjo. Kamba mita 30, viroba 8, chukua na vya akiba. Nahodha ndiye yule anapiga honi, nazima kamera nibebe sufuria.