Damu ya Hermosillo na Miaka 23 ya Cruz Azul

ZUHURA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Leo tuko Mexico. Kaka Baraka amekuja na jezi ya buluu kabisa!

BARAKA: Nimeivaa kwa heshima, dada. Jana usiku nimerudia kuangalia fainali ya 2013, na bado inaniuma.

ZUHURA: Usianzie huko. Cruz Azul ni kina nani?

BARAKA: Ni timu ya kiwanda. Ilianzishwa mwaka 1927 na wafanyakazi wa saruji pale Jasso, jimbo la Hidalgo. Kiwanda chenyewe baadaye kikawa cha ushirika, mali ya wafanyakazi. Ndiyo maana hadi leo wanaitwa Cementeros, watu wa saruji.

ZUHURA: Kama Mtibwa na sukari yao.

BARAKA: Hasa! Ila hawa walihamia Mexico City mwaka 1971, wakawa miongoni mwa timu nne kubwa za nchi, pamoja na América, Chivas na Pumas.

ZUHURA: Sasa tupeleke kwenye ile penalti.

BARAKA: Desemba 1997, marudiano ya fainali ya ligi, ugenini kwa León. Muda wa nyongeza, na enzi hizo ni bao la dhahabu, anayefunga kwanza amemaliza kazi. Kipa wa León, Ángel Comizzo, anampiga teke la uso Carlos Hermosillo ndani ya boksi. Penalti. Hermosillo anaipiga mwenyewe, damu inamtiririka usoni mpaka kwenye jezi. Anafunga. Mabingwa!

ZUHURA: Mtu akiona picha ile anadhani timu hii haitashindwa tena.

BARAKA: Na kumbe ndiyo ukame umeanza. Fainali sita za ligi walicheza baada ya hapo, zote wakapoteza. Mwaka 2001 walifika hadi fainali ya Copa Libertadores, kombe la vilabu vya Amerika Kusini, wakaenda kuifunga Boca Juniors kwao Buenos Aires, halafu wakatolewa kwa matuta.

ZUHURA: Haya, sema ya 2013. Najua ndiyo inayokukaba.

BARAKA: Wapinzani ni América, majirani zao wa mji mmoja. Mvua inanyesha uwanja wa Azteca. Cruz Azul wanaongoza mabao 2-0 kwa jumla, América wako pungufu tangu dakika ya 14. Dakika ya 89, Aquivaldo Mosquera anarudisha moja. Bado unasema, si kitu, dakika zimekwisha. Mara inapigwa kona, na kipa wa América, Moisés Muñoz, amepanda mbele. Anaruka, anapiga kichwa, mpira unamgonga Alejandro Castro wa Cruz Azul na kuingia wavuni.

ZUHURA: Kipa!

BARAKA: Kipa, dada. Wakaenda matuta, na Castro huyo huyo akakosa yake. Mimi namwonea huruma sana kijana yule. Watu walimbebesha mzigo wa timu nzima.

ZUHURA: Na ndipo jina la timu likageuzwa kitenzi.

BARAKA: *Cruzazulear*. Kushika ushindi mkononi kisha ukuponyoke. Desemba 2020 wakawapa watu sababu ya kukisema tena: nusu fainali wamewafunga Pumas 4-0, marudiano wakafungwa 4-0, Pumas wakapita kwa kuwa walimaliza juu yao kwenye msimamo.

ZUHURA: Mimi ningekuwa shabiki ningeacha kuangalia mpira.

BARAKA: Wao hawakuacha. Karibu miezi sita tu baadaye, Mei 30, 2021, fainali na Santos Laguna. Walishinda 1-0 ugenini, nyumbani Jonathan Rodríguez akasawazisha, ikaisha 1-1. Mabingwa baada ya miaka 23 na nusu. Na kocha ni nani? Juan Reynoso, beki wa kikosi kile cha 1997.

ZUHURA: Na golini?

BARAKA: Jesús Corona. Ndiye aliyekuwa golini usiku ule wa mvua, Muñoz alipopiga kile kichwa. Safari hii yeye ndiye nahodha, na kombe akalinyanyua yeye.