Duka la Mreno lilibaki kwa nani? Pamba, chumvi na vita ya Msumbiji

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Huko nyuma mnanisikia? Haya. Nimeambiwa niongelee ukombozi kwenye makoloni ya Mreno na Mhispania, sasa Mhispania nitampita chapchap maana huku kwetu kusini mwa Sahara alikuwa na kijisehemu tu, Guinea ya Ikweta, akaondoka Oktoba 12, 1968 bila vita kubwa. Mreno ndo habari yenyewe. Huyu aligoma kabisa, Mbelgiji kashatoka Congo 1960, Mwingereza kashatoka Tanganyika 1961, yeye anakwambia hapa si koloni, hii ni mikoa ya Ureno iliyo ng'ambo ya bahari. Na mimi leo nitaongelea Cabo Delgado tu, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, hapo ukivuka Ruvuma, sababu nikianza na Angola na Guinea-Bissau hatutoki humu.

Tukisimuliana vita ya Msumbiji huwa tunaanzia kwenye bunduki. Mi naomba nianzie kwenye pamba.

Kuanzia 1938 serikali ya Mreno ilishikilia bango kilimo cha pamba cha lazima, yaani kampuni inapewa eneo, kila kaya inapewa mbegu na kipande chake cha kulima, utake usitake, alafu mavuno unamuuzia kampuni hiyohiyo kwa bei iliyopangwa na serikali hiyohiyo. Mihogo yako utajua mwenyewe utailima saa ngapi. Ukizembea palizi unaitwa ofisini kwa mkuu wa posti, yaani kituo cha utawala cha Mreno, na pale kuna kitu kinaitwa palmatória, wazee wa upande ule wakikitaja mpaka leo wanakunja vidole. Ni kibao cha mti, kichwa chake duara kama mwiko mnene, kina matundu. Unanyoosha kiganja, kinatua, yale matundu yanavuta nyama, wanahesabu mpaka kiganja kinavimba hukunji ngumi. Na kesho yake jembe linakusubiri palepale.

Watu wakakimbia. Wamakonde wengi wakavuka mto wakaja kukata mkonge kwenye mashamba ya Lindi, ya Tanga, huko kote. Hawakuja kutafuta siasa bana, walikuja kutafuta hela ya kodi na nguo, ila ukikaa Tanganyika miaka ile ya hamsini siasa inakufuata ulipo, TANU wanakatisha kadi, vyama vya wafanyakazi vinagoma, na mtu anaona kumbe Mzungu anaweza kuulizwa swali akajibu. Kiswahili walichokipata kwenye mkonge ndo kikaja kuwa lugha ya vita upande ule wa kaskazini, kabla Kireno hakijapewa kiti chake.

Basi hao ndo walioanza kurudi na maneno. Juni 16, 1960 pale Mueda, mji wa Wamakonde huko Cabo Delgado, wajumbe wawili waliotoka Tanganyika, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, wakaingia kuongea na gavana wa Cabo Delgado mambo ya uhuru, watu wamejaa nje wanasubiri majibu. Majibu yakawa pingu. Watu wakazuia wasichukuliwe, askari wakafyatua risasi. Hesabu ya Msumbiji rasmi ni watu 600, watafiti waliofuatilia baadaye wanasema ni wachache kuliko hapo, na mimi sipendi ugomvi wa hesabu ya maiti, ila jambo moja halina ubishi: baada ya siku ile ukimwambia Mmakonde habari ya kuandika barua ya maombi alikuwa anakucheka.

Miaka miwili baadaye, Juni 25, 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji, MANU, UDENAMO na UNAMI, vikaungana hapohapo Dar es Salaam ikawa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, mwenyekiti Eduardo Mondlane, mtu wa Gaza kule kusini, daktari wa falsafa, alishafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu cha Syracuse Marekani, akaacha mshahara wa dola akaja kwenye joto letu hili. Vijana wakaenda mafunzoni Algeria, wengine Kongwa, baadaye Nachingwea pale Famu 17, na jina lenyewe mnalijua linatoka wapi, ule mradi wa karanga wa Mwingereza uliokufa kifo cha aibu. Septemba 25, 1964 wakapiga posti ya Mreno mahali panapoitwa Chai, huko Cabo Delgado. Vita ikaanza.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri.

Vita ilipoanza maduka yakafungwa. Wenye maduka, Wareno na Wahindi, wakakimbilia mijini, na kwenye yale maeneo ambayo FRELIMO walikuwa wanayaita yamekombolewa hakuna kanga, hakuna sabuni, hakuna jembe, hakuna chumvi. Jaribu wewe kula mboga ya kisamvu bila chumvi wiki mbili alafu nije nikuhutubie ukombozi. Watu walichoma majani wakachuja magadi wapate tu kitu cha kuweka kwenye chungu. Jeshi linaweza kuishi bila sabuni, lakini jeshi lile lilikuwa linakula kwa mama wa kijijini, na huyo mama akichoka akarudi kwa Mreno kufuata chumvi, vita imeisha.

Kwa hiyo ikabidi FRELIMO wawe wachuuzi. Watu wanalima ufuta, wanaokota korosho, wanachonga vinyago, mzigo unabebwa kichwani siku kadhaa mpaka Ruvuma, unavushwa kwa mtumbwi usiku, unauzwa upande wa Tanzania, na kichwa kilekile kinarudi na chumvi, nguo, na masanduku ya risasi. Wabebaji wengi wanawake. Tunapenda kuimba majina ya makamanda, sawa, ila mi ukiniuliza nani alishinda Cabo Delgado nitakwambia ni shingo za wale kina mama.

Na duka likaleta balaa lake. Aliyekuwa na madaraka ya biashara kule ni Lázaro Kavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa jimbo, mtu mzima, mwenye heshima yake, miaka ya hamsini alishaanzisha ushirika wa pamba Mueda wakati wengine bado wanaogopa kivuli cha Mreno. Lawama zikaanza kwamba yeye na wenyeviti wenzake mzigo wa wananchi wanaununua kwa bei ya kutupa, chumvi wanaiuza kwa bei ya kuruka, yaani mkulima anatazama anaona kabadilishiwa rangi ya mwenye duka tu. Kavandame naye ana lake, watu wa kaskazini ndo tunakufa, mbona wakubwa ni wa kusini, wasomi, wanakaa Dar? Hilo nalo si la kupuuza, na mimi siwezi kumwita msaliti nikafunga daftari nikaenda kulala. Lakini mwisho wake ulikuwa mbaya. Desemba 1968 kamanda wa FRELIMO Paulo Samuel Kankhomba aliuawa akivuka mpaka, watu wa Kavandame wakanyooshewa kidole. Februari 3, 1969 Mondlane akafungua kifurushi cha kitabu kwenye nyumba moja Oyster Bay, Dar, ndani bomu, likamuua. Mwezi wa nne Kavandame akavuka akajisalimisha kwa Mreno, na Mreno kwa furaha akamwaga vipeperushi.

Watu wa vijijini hawakumfuata kwa wingi kama Mreno alivyotegemea. Na kwa maoni yangu ni kwa sababu bei walikuwa wanaijua.

Yaliyobaki nayakimbiza. Samora Machel, aliyekuwa muuguzi, akashika chama 1970. Mwaka huohuo jenerali Kaúlza de Arriaga akaleta maelfu ya askari, ndege na mabomu Cabo Delgado, wakateka kambi, wakakuta majivu, wapiganaji wenyewe washatawanyika na vita inafumuka jimbo lingine, Tete. Vijana wa Kireno wakachoka kukanyaga mabomu ya ardhini kwa ajili ya pamba ya wengine, na Aprili 25, 1974 maofisa wao wenyewe wakapindua serikali Lisbon. Septemba 7 Mreno na FRELIMO wakatia saini mkataba Lusaka, Juni 25, 1975 uhuru.

Na duka? Serikali mpya ikafungua maduka ya wananchi nchi nzima, wakasema sasa hakuna wa kulanguliwa. Mwanzoni watu walifurahi kwelikweli. Alafu ikaja foleni, rafu za bidhaa zimebaki wazi, na mhasibu anayeuzia shemeji yake mlango wa nyuma. Mwaka 1980 Samora huyohuyo, aliyetoka vitani dhidi ya walanguzi, akasimama akatangaza maduka yale yarudi kwa wafanyabiashara binafsi, kazi ya dola si kuuza vitu vya rejareja.

Haya, maswali. Mzee mwenye kofia pale, nimeona umenyoosha mkono tangu kwenye Kavandame, anza wewe.