Tone na Mvuke: Viyeyushi vya Viwandani Vinapimwaje Kama Vinawasha Macho

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wa afya na usalama kazini, na nyinyi mafundi rangi mliofunga kazi mapema ili mfike hapa: habari za jioni. Wazee wangu, shikamooni.

Hili hapa mezani ni kopo la thina, kiyeyushi cha rangi. Ni kopo halali la dukani, lenye lebo. Walioketi mbele wanaiona alama yenyewe: umbo la pembe nne limesimama kwa ncha, mpaka wake mwekundu, na katikati alama ya mshangao. Chini yake imeandikwa kwamba kimiminika hiki husababisha mwasho mkali wa macho. Mwenye duka hakuyatunga maneno hayo, wala kiwanda hakikuyatunga. Yametoka katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, na sentensi hiyo ina namba yake, H319. Ina dada yake mkubwa, H318, inayosema kemikali inaharibu jicho vibaya; hiyo huja na picha ya kimiminika kinachomwagikia mkono na kuula.

Sasa nauliza swali la kitoto: nani alijua? Huwezi kuandika kwamba kitu kinawasha jicho mpaka jicho la kiumbe fulani liwe limehusika. Ni la nani? Nitawaonyesha mapema ninakoelekea, ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa. Karibu vipimo vyote nitakavyovitaja vinajibu swali la tone: kimiminika kikiingia jichoni, itakuwaje? Fundi rangi anashinda kutwa nzima ndani ya mvuke. Hayo ni maswali mawili, na lebo yetu inajibu moja.

Tuliangalie jicho kwanza, kwa kifupi tu. Kioo cha mbele kinaitwa konea. Kwa mtu mzima unene wake ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga unapita. Lakini neva zake ni nyingi ajabu, ndiyo maana chembe moja ya mchanga inakufanya uache kila kitu. Juu yake kuna machozi, na juu ya machozi kuna utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia yasikauke. Kiyeyushi, kwa asili yake, kazi yake ni kuyeyusha mafuta. Tone la asetoni likiingia linaanza na utando huo, kisha linashambulia tando za seli za juu za konea, ambazo nazo zimejengwa kwa mafuta. Alkoholi zinaongeza balaa la pili: zinagandisha protini, na konea inageuka nyeupe kama ute wa yai uliotiwa kikaangoni. Seli za juu huota upya ndani ya siku chache, na ndiyo sababu wengi walioingiwa na tone la asetoni wakawahi maji hupona. Jeraha likishuka hadi tabaka la kati, au lile la chini kabisa ambalo kwa binadamu seli zake hazizaliani upya, habari ni nyingine. Kwa hiyo mpimaji yeyote, ajue asijue, anatafuta kina cha jeraha.

Kipimo kilichotawala karne iliyopita kilizaliwa na kashfa ya urembo. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iitwayo Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya kutia nywele rangi, na wanawake kadhaa waliumia macho vibaya. Wako waliopofuka, na mmoja alifariki. Sheria ya wakati ule haikuwa na meno ya kuizuia bidhaa ya urembo. Sheria mpya ikapita mwaka 1938, na ghafla mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ikahitaji namna ya kusema kwa namba kwamba kitu hiki ni hatari kuliko kile. Mwaka 1944 mtaalamu wake wa sumu, John Draize, pamoja na wenzake Woodard na Calvery, wakachapisha utaratibu ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unachukua sungura weupe. Unalivuta kope la chini la jicho moja, unatia mililita 0.1 ya kemikali, kisha unaliachia kope. Jicho la pili halitiwi kitu. Ni la kulinganishia. Unamtazama baada ya saa 1, saa 24, saa 48 na saa 72, na ikibidi unaendelea hadi siku ya 21. Kila ukitazama unatoa alama. Ukungu wa konea una alama hadi 80. Uvimbe na ulegevu wa lile duara la rangi linalozunguka mboni, hadi 10. Wekundu, uvimbe na usaha wa ngozi laini ya ndani ya kope, hadi 20. Jumla ni 110.

Zitazameni vizuri hizo alama, maana watu huzipita haraka. Kwa nini konea ipewe 80 na ngozi ya kope 20? Hakuna mzani uliopima hivyo. Ni uamuzi wa Draize, na ni uamuzi wa busara: konea ikibaki na ukungu, mtu haoni, kope likivimba, litanywea. Lakini sasa nitafutieni alama ya maumivu. Haipo. Katika alama 110 hakuna hata moja ya uchungu, na sungura hakuulizwa. Kipimo tunachokiita cha mwasho kinapima ukungu, wekundu na uvimbe.

Viyeyushi vya viwandani navyo vikaingia njia hiyo mapema. Mwaka 1946, huko Pittsburgh katika taasisi ya Mellon, Charles Carpenter na Henry Smyth walichapisha kazi yao juu ya konea za sungura na kemikali 180, wakazipanga katika madaraja 10 ya ukali. Ilikuwa kazi kubwa, na viwanda viliitegemea kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1971 mtu wa taasisi hiyohiyo, Carrol Weil, akishirikiana na Robert Scala, akafanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko lile la kwanza. Waligawa kemikali zilezile kwa maabara nyingi, zikiwa na maelekezo yaleyale, wakasubiri majibu. Yalirudi yamepishana vibaya. Kemikali ambayo maabara moja iliiona haina neno, nyingine iliiweka pamoja na kali kabisa. Na walioonyesha hivyo ni watu wa viwanda wenyewe, karibu muongo mzima kabla ya wanaharakati wa kutetea wanyama kuanza kupiga kelele.

Sababu hazihitaji darubini. Wekundu unahukumiwa kwa macho ya mtu, na mtu huyu na yule hawaoni wekundu sawa. Sungura naye si mimi na wewe: anapepesa kwa nadra, machozi yake ni haba, na ana kope la tatu ambalo sisi hatuna. Tone linalokaa kwake linaweza kuwa lilishatoka kwetu.

Kelele zenyewe zilikuja mwaka 1980, pale mwanaharakati Henry Spira alipotoa tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times kuiuliza kampuni ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kampuni za vipodozi zikatoa fedha, utafiti wa njia mbadala ukaanza kwa dhati, na Ulaya ikafika mahali pa kupiga marufuku kuwajaribia wanyama vipodozi. Viyeyushi vilifuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Ulaya ilibadilisha masharti yake ya kemikali za viwandani mwaka 2016, vipimo visivyotumia wanyama hai vikawa ndivyo vya kuanzia. Sungura hajaondoka kabisa. Mwongozo namba 405 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, bado upo, ila sasa hawazidi watatu, wanatiwa dawa ya kuzuia maumivu, na huruhusiwi kumgusa kabla ya kumaliza njia nyingine zote.

Njia hizo nyingine ndizo ninazozipenda, hasa hii ya ng'ombe. Ng'ombe amechinjwa kwa ajili ya nyama, jicho lake linatupwa. Unaliomba machinjioni, unalisafirisha katika maji ya chumvi yaliyopozwa, na maabara unaondoa konea peke yake. Yenye mkwaruzo unaikataa. Iliyo safi unaibana katikati ya vyumba viwili vidogo vya plastiki, kwenye joto la nyuzi 32. Unapima mwanga unaopita. Unamimina mililita 0.75 ya kiyeyushi upande wa mbele, unasubiri dakika 10, unaosha, unasubiri tena saa 2, unapima mwanga upya. Hapo unajua ukungu umeongezeka kiasi gani, na ni kifaa kinachosema, si jicho la mtu mwenye usingizi. Kisha unatia rangi ya kung'aa upande wa mbele na kuangalia baada ya dakika 90 imevuja kiasi gani kwenda nyuma. Konea nzima haivujishi. Iliyochubuliwa na kiyeyushi inavujisha. Unachukua namba ya ukungu, unajumlisha na namba ya rangi iliyozidishwa mara 15. Ikizidi 55, kemikali inaharibu jicho vibaya, ni H318. Ikiwa 3 au chini, haina alama ya macho. Na katikati ya 3 na 55? Mwongozo unasema kipimo hiki peke yake hakiwezi kutoa hukumu. Natamani nyaraka zetu nyingi zingekuwa na ujasiri huo.

Nimesikia hapo nyuma mtu anasema machinjio ya Vingunguti macho yapo tele. Yapo, na tungeweza. Kinachotakiwa ni mtu wa kuyatoa mapema, kabla kichwa hakijaoshwa kwa sabuni, maana sabuni nayo ni mkosaji katika kipimo hiki na itakudanganya.

Lakini kuna kasoro inayotuhusu moja kwa moja sisi watu wa thina. Kipimo hiki kina tabia ya kuzionea alkoholi na ketoni, lile kundi la asetoni, yaani kuziita kali kuliko zilivyo kwa mnyama aliye hai. Na thina imejaa nini? Mimi naona chanzo hakiko mbali: konea imebanwa ndani ya kijumba, imelowekwa dakika 10, haina machozi ya kuosha, haina kope la kupepesa, na kiyeyushi hakina pa kupeperukia. Ndiyo maana maabara huongeza kipimo cha pili, cha seli za binadamu zilizooteshwa zikawa tishu yenye tabaka kama za konea. Unaidondoshea kemikali, unaosha, kisha unatia rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zikibaki hai zaidi ya asilimia 60, kemikali haipewi alama. Ni kipimo safi cha kuitoa hatiani kemikali isiyo na kosa. Kwa kutenganisha kali na kali zaidi, bado kinahitaji wenzake.

Haya, tumefika kwenye mvuke.

Mwaka 1943, mwaka mmoja kabla ya Draize, K. W. Nelson na wenzake wa Harvard walifanya jambo la ajabu kwa urahisi wake. Waliwaingiza watu wa kujitolea, kama kumi hivi, wanaume na wanawake, katika chumba chenye mvuke wa kiyeyushi kwa dakika 3 hadi 5, wakawauliza: macho vipi, pua vipi, koo vipi? Kwa asetoni walianza kulalamika kwenye kiwango cha sehemu 500 kwa milioni ya hewa. Majibu hayo yakaingia katika hesabu za viwango vya hewa kazini. Hapo maumivu yalipata alama, kwa sababu aliyepimwa alikuwa na mdomo. Udhaifu wake mnauona: dakika 3. Fundi yuko humo kwa saa 8, na pua yake inazoea harufu kabla jicho lake halijapumzika.

Mvuke una mambo yake ambayo tone halionyeshi. Toluini, kiyeyushi kingine cha rangi, katika orodha rasmi ya Ulaya ina maonyo mengi: inashika moto, inadhuru neva, inatiliwa shaka kwa mtoto aliye tumboni. Onyo la macho halimo. Lakini muulize aliyepiga rangi chumba kilichofungwa kama hakutoka na machozi. Butanoli, mojawapo ya alkoholi, ina H318 kwa ajili ya tone, sawa. Ila mwaka 1945 madaktari wa macho wa Boston, David Cogan na Morton Grant, walieleza wafanyakazi walioumia kwa mvuke wake, ambao konea zao zilikuwa na vitundu vidogo mno kwenye tabaka la juu. Hakuna aliyemwagikiwa. Na wako walioathirika na kemikali za kundi la amini, hasa ile ya trayethilamini inayotumika kwenye viwanda vya kumimina vyuma: mvuke wake unavimbisha konea kidogo tu, bila uchungu wa maana, na mtu anaona ukungu wa buluu na miduara kuzunguka kila taa. Baada ya saa kadhaa unaisha. Shida ni kwamba saa hizo ndizo anazopanda bodaboda kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mkishika karatasi ya taarifa za usalama, ile ambayo muuzaji anatakiwa kuwapa, sehemu ya 2 itawaambia habari za tone. Kwa mvuke fungueni sehemu ya 8, palipo na viwango vya hewa. Pakiwa patupu, ulizeni kwa nini. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, na kwa jicho ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kope limeshikwa wazi. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani. Anayeoshwa atataka kuacha baada ya mbili.

Na anayenunua thina iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kama wengi mnavyonunua, hana sehemu ya 2 wala ya 8. Lebo imebaki kwenye pipa la muuzaji. Naona kaka yangu wa duka amenyoosha mkono tangu nilipotaja asetoni, na anavyonitazama hatakubaliana nami. Mpeni kipaza sauti.