Homa Imeondoka, Viungo Bado: Maumivu Baada ya Chikungunya

Ndugu wasikilizaji, tuanze na jina. Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Wenyeji wakaiita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Jina halikushika homa, lilishika mkao wa mgonjwa, na waliolitoa waliona sawasawa. Homa huisha ndani ya wiki moja, lakini mkunjo unaweza kukaa miezi. Lamu waliyaona hayo mwaka 2004, Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018.

Hesabu tangu siku ya kwanza ya homa. Maumivu ya wiki tatu za mwanzo ni ya kawaida. Yakivuka miezi mitatu tunayaita sugu, na hapo daktari lazima akuone upya. Walio zaidi ya miaka 40, wanawake, na wale ambao viungo vyao viliuma sana mwanzoni ndio hubaki nayo zaidi.

Dalili ya kuangalia ni mkakamao wa asubuhi. Ukiamka, inakuchukua dakika ngapi mpaka uweze kufunga vifungo vya shati? Zikizidi 30, bado kuna uvimbe ndani ya viungo, si uchovu tu. Andika dakika hizo kila siku; daktari atazitumia kuliko maneno "naumwa sana". Kwa kawaida huumia viungo vidogo vya pande zote mbili: vidole, vifundo vya mikono, vifundo vya miguu.

Kosa kubwa tunaloliona ni kusema "malaria imerudi". Pima kwanza. Kipimo kikionyesha huna, dawa mseto haitagusa maumivu haya.

Paracetamol: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, na vipungue kwa mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe au mwenye mwili mdogo. Diclofenac, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, isianze siku za homa kabla homa ya dengi haijaondolewa shakani, maana mbu anayeeneza dengi na chikungunya ni yule yule, na dengi huweza kuleta kutokwa damu. Baadaye inasaidia, ikimezwa na chakula kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo mbovu au mjamzito aulize kwanza.

Halafu kuna kile kidonge kisicho na jina, kinachofungwa kwenye karatasi. Mara nyingi ndani yake mna prednisolone, dawa kali ya steroidi inayozima uvimbe. Siku mbili unatembea kama kijana. Ukiacha, maumivu yanarudi, na huku sukari na presha zimepanda. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla, aende hospitali apunguziwe taratibu.

Kulala kutwa hukaza viungo zaidi. Chukua beseni la maji ya vuguvugu, zamisha viganja dakika 10. Humo humo ndani ya maji funga ngumi polepole, hesabu hadi tano, kisha nyoosha vidole vyote. Rudia mara 10. Kwa miguu, shika ukuta, inua visigino, shusha polepole. Maumivu yakiongezeka na kudumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, kesho fanya nusu. Kufua, kutwanga na kubeba ndoo navyo vigawanywe: kidogo asubuhi, kidogo jioni, si vyote siku unayojisikia nafuu. Siku hiyo ndiyo inayowaangusha wengi.

Usisubiri ukiona kiungo kimoja kimevimba, kina moto na homa imerudi. Huenda ni usaha. Vivyo hivyo jicho jekundu linaloona ukungu, au miguu inayolegea kuanzia chini kwenda juu.

Kwa maumivu sugu, daktari bingwa anaweza kuandika methotrexate, dawa inayotuliza kinga ya mwili ili uvimbe wa viungo upungue. Dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Anayeimeza kila siku anaua uboho unaotengeneza damu, kwa hiyo chagueni siku, mwandike jina la siku hiyo kwenye pakiti.