Kwa Nini Dhalimu Huogopa Mchoro

Ndugu zangu, naomba tuutazame pamoja mchoro mmoja wa Desemba 1831. Honoré Daumier, kijana wa Kifaransa wa miaka 23, alimchora Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa akiwa jitu lenye kitambi, limejibwaga kitini. Ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na watu wanaupanda wakiwa na vikapu vya fedha mgongoni, wanammiminia mdomoni. Pembeni chini wamejaa maskini waliokonda, wanakamuliwa hata kidogo walichobakiza. Mmoja wao ni mama aliyempakata mtoto mchanga. Chini ya kiti cha mfalme zinadondoka hati za vyeo na nishani, na wakubwa wanazigombania.

Hebu fikirini kazi aliyoifanya kijana huyo. Kodi ilikuwa na maelezo yake rasmi, gharama za ikulu nazo zilikuwa na yake, na vyeo vivyo hivyo. Ukizisoma mojamoja, kila hati inaonekana halali. Daumier alizishona pamoja, ukaona kwa mara moja jasho linatoka kwa nani, linamezwa na nani, na nani anafaidi. Hiyo ndiyo tashtiti, yaani dhihaka inayofichua maovu, ninayoiheshimu: haimtukani mtu sura yake, inaanika utaratibu wa dhuluma. Kumcheka maskini au mlemavu kwa hali yake siwezi kukuita tashtiti hata kidogo. Huko ni kumwongezea nguvu anayeonea.

Serikali ilimwelewa vizuri sana. Mwaka 1832 Daumier alitupwa jela kutumikia kifungo cha miezi 6. Mwaka 1835 ikatungwa sheria kwamba kila mchoro upitiwe na serikali kabla haujachapishwa. Magazeti ya maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Mchoro ulimfikia hata asiyejua kusoma, tena kwa kupita tu mbele ya dirisha la duka.

Hofu hiyo haikuzikwa na wafalme wa zamani. Huko Syria, Ali Ferzat kwa miaka mingi alichora maofisa na majenerali wasio na majina, na watu waliwatambua. Mwaka 2011 akaanza kumchora Rais Bashar al-Assad mwenyewe. Agosti mwaka huo, mjini Damascus, watu waliofunika nyuso walimteka, wakampiga na kumvunja mikono. Mikono, ndugu zangu! Walijua wanachokitafuta. Aliondoka nchini, akatibiwa, akashika tena kalamu.

Wapo wanaouliza: basi mchoro umemwangusha nani? Louis-Philippe alitawala hadi 1848, ni kweli. Lakini udhalimu hulindwa na kila mtu kudhani yuko peke yake katika kuuona. Mkicheka pamoja mbele ya picha moja, dhana hiyo inakufa, na haifufuki kwa amri ya polisi.

Charles Philipon, mhariri aliyemchapisha Daumier, alishtakiwa mwaka huohuo wa 1831 kwa kumdhihaki mfalme. Mahakamani alichora uso wa mfalme, kisha wa pili, wa tatu, wa nne, akiugeuza kidogo kidogo mpaka ukawa tunda la pea. Akawauliza waliokuwa wakimhukumu: ni kuanzia mchoro upi kosa linapoanza? Walimfunga. Na watu wa Paris, hata wasiojua kuchora, wakaanza kuchora pea kwenye kuta za mji.